Shahidi na Mkalimani

Mahakamani wakili alilazimika kusema Kiingereza, na mkalimani akageuza kila neno. Kwa hiyo Mwinyikombo, wakili wa kampuni ya mkonge na mjumbe wa baraza la kutunga sheria, kupitia mkalimani alimhoji Bi Mwanasiti, mama yake mdogo, aliyekuwa akipigania shamba lake lisichukuliwe na kampuni.

"Wakili anauliza, una ushahidi gani kwamba shamba ni lako?" alisema mkalimani.

"Kombo, si uniulize mwenyewe? Ulimi umeuacha Ulaya?"

Watu kwenye mabenchi walicheka. Wakili aliinamia karatasi zake, akasubiri tafsiri.

"Haya," Bi Mwanasiti alimgeukia mkalimani. "Mwambie bwana mkubwa, ushahidi ni makaburi. Watu wetu wamelala pale."

Jaji, Mwingereza asiyejua Kiswahili, alipotafsiriwa maneno hayo, alitaka kujua waliozikwa ni akina nani.

"Wa mwisho ni dada yangu, mama yake huyu. Nilimwosha kwa mikono hii, mwanawe akiwa masomoni."

Vicheko vilikatika. Mkalimani alifungua kinywa, akakifunga, akamtazama wakili kama anayeomba ruhusa. Jasho lilimshuka Mwinyikombo chini ya joho. Chumba kizima kilikuwa kimeelewa, isipokuwa jaji, aliyeshika kalamu juu ya daftari akingoja Kiingereza.