Jiko Linalosubiri Jibu

Siku hizi ilani ya mwendo kasi haiji kwa karatasi. Husomwa na jiko, na jiko haliwaki mpaka mtu wa nyumba hiyo aseme ameelewa.

"Atakayetamka kuwa ameelewa," lilisoma jiko la Mwantumu, "atahesabiwa amekiri kosa kwa niaba ya dereva. Mmeelewa?"

"Sijaelewa!" alifoka Mwantumu kutoka uani, akipepea mkaa. Alikuwa amemkimbiza kwa gari jirani aliyeshikwa na uchungu hadi hospitali, na mtoto akazaliwa salama. Akiri nini?

"Mama Zuhura, sema tu, tupikie ndani," alisihi mumewe, Mhina. "Moshi utatuua."

"Nikisema, leseni imekwenda. Kesho mwenye uchungu atapelekwa na nani, jiko?"

Jiko likauliza tena, safari hii kwa sauti ya bibi mpole. Zuhura, mtoto wa miaka minne aliyelelewa asimnyamazie mkubwa anayeuliza, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi. Nimeelewa."

Moto ukawaka kimya, wa buluu.

Mhina alishika kichwa. Mwantumu aliingia, akalizima jiko, kisha akatoka na binti yake uani, akampakata kando ya mkaa.

"Kuanzia leo, mwanangu," alisema, "nakufundisha utovu wa adabu."