Darubini ya Kutazama Chini

"Lakini itainama?" mshonaji aliuliza tena, mkono wake ukiwa bado juu ya bahasha ya mchango.

Mwalimu wa fizikia akaitazama bahasha. Mwaka mzima alikuwa ametembeza bakuli kuomba michango ya darubini ya shule. Wengi walimpa ahadi, na ahadi hainunui kioo. Mama huyu, mwenye cherehani moja tu, alikuwa ameleta hela ya kioo kizima. Sharti lake lilikuwa moja: bomba la darubini liweze kuinama mpaka lielekee ng'ambo ya bonde.

Ng'ambo ya bonde hakukuwa na nyota. Kulikuwa na gereza.

"Itainama, mama," alisema, akaipokea bahasha.

Nyumbani mkewe alicheka kwanza. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sasa jiulize, huyo mama anatafuta nini huko uvunguni?" Kisha akaacha kucheka. "Ana mtu wake mle ndani, baba. Wakipanga kutoroka kwa ishara kutoka paa la shule yenu, darubini itachukuliwa, na wewe utaifuata."

Tangu hapo mwalimu akawa na hofu, na hofu yake ikamtia aibu, maana hela alikuwa ameshazinunulia kioo.

Siku ya uzinduzi mshonaji alipanda paani mapema, wageni wakiwa bado chini wanakunywa soda. Mwalimu alimfuata mbio. Akamwinamishia bomba mwenyewe, akasimama karibu ili aweze kulidaka akiona ishara yoyote.

"Inageuza picha, mama. Utawaona kichwa chini, miguu juu."

"Mwendo wake naujua, hata ageuzwe vipi."

Kumbe mke wangu hakukosea, mwalimu aliwaza. Akaikodolea macho mikono ya yule mama, akingoja kitambaa kipepee au kidole kiinuke. Mikono haikufanya lolote. Kule ng'ambo wafungwa walikuwa wakitoka kwenda kulima, naye aliwapitia mmoja mmoja. Mara akatulia. Mabega yakamshuka, machozi yakamtoka.

Huruma ikamshinda mwalimu. "Umemwona mwanao?"

"Mwanangu nilimzika," alisema, bila kuondoa jicho. "Huyu ndiye aliyeniulia. Nilitaka kuhakikisha bado yumo."