Neno la Mwisho la Kalunde

Siku hizo hakuna neno la Kiingereza lililoweza kutoka kinywani mwa mwanafunzi kabla hajalieleza kwa Kiswahili chepesi, mtu wa nyumbani asiyejua Kiingereza akaelewa. Kifaa alichovishwa kila mwanafunzi kooni kililizuia. Kalunde alibakiwa na neno moja, "lonely", na bila hilo asingeruhusiwa kuiongoza shule yake katika mdahalo wa kesho.

Mara mbili alijaribu kulieleza, na mara mbili baba yake, Mzee Kitwala, alitikisa kichwa.

"Hayo ni ya vitabuni, mwanangu. Nieleze kama unanisimulia."

Kalunde alisimama wima, kama walivyofunzwa shuleni.

"Ni mtu anayepika chakula cha wawili, baba, ilhali anajua atakula peke yake."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Hapo nimekuelewa. Kumbe hata Waingereza hupika hivyo?"

Kifaa kikafunguka. "Lonely!" Kalunde alitamka kwa sauti iliyojaza nyumba, na majirani waliomsikia nje wakapiga vigelegele. Hakuwahi kupata neno kwa haki kama lile.

Asubuhi aliondoka kichwa juu. Baba alibaki jikoni, akilijaribu neno hilo taratibu. Yeye hakuwa na kifaa cha kumzuia.