Mikono ya Kipa

Siku hizi ukipa haufundishwi, unahamishwa. Tunavishwa nyaya kichwani, mimi na mwanafunzi, na wepesi wa mikono yangu unahamia kwake. Kwangu haurudi tena.

Mimi ni kocha msaidizi wa makipa chuoni. Wepesi wa mkono wa kulia alishauchukua Gwakisa, ambaye sasa anadakia timu ya taifa. Leo asubuhi kocha mkuu kaniambia, "Lusajo, toa na wa kushoto, au ukatafute kazi nyingine." Nimetoa.

Mikono yenyewe ipo. Kikombe kikitulia mezani, nakishika. Kitu kikirushwa nakiona kinakuja, najua kabisa kitafikia wapi, lakini mikono haiendi.

Njia nzima nimekuwa nikitafuta namna ya kumwambia mke wangu, Anyisile. Nafungua mlango, na binti yetu Atupele kashapanda juu ya meza, kama kila siku nikirudi kazini.

"Baba, daka!"

"Usiruke, mwanangu! Subiri!"

Anyisile anacheka kule jikoni. "Anakutania huyo. Ruka tu, mama, baba yako alishakukosa lini?"

Miguu yake imeshaiacha meza.