Nyuki wa Dirishani

Mjomba alishika kiberiti chenye nyuki sita wafu, wamelazwa juu ya pamba kama wagonjwa. Nyumbani, mizinga yake ilikuwa ikinyamaza mmoja baada ya mwingine.

Mpwa wake, mtaalamu wa maabara, alikuwa amehangaika wiki nzima kusoma vinasaba vya kijidudu kilichowaua. Sasa alibandika mistari ya herufi za vinasaba hivyo kwenye sehemu ya kutafutia ya hazina ya mtandaoni, ambako watafiti wa dunia nzima huweka walichokipata ili yeyote akione bure.

“Yaani kompyuta ndiyo iwajue nyuki wangu?” Mjomba aliguna.

Mpwa akabonyeza. Hata hajashusha pumzi, jibu likaja: rekodi moja tu, inayolingana herufi kwa herufi. Iliwekwa miaka kumi na tisa iliyopita na mtu wa nchi ya mbali, kutoka kwa nyuki mmoja aliyemwokota dirishani kwake.

Mpwa akaisogelea skrini. Kwenye nafasi ya maelezo, ambayo wengi huiacha tupu, alisoma kwa sauti: “Sijakitambua. Nakiweka hapa, huenda siku moja mtu akakihitaji.”

Chini yake palikuwa na anwani.

Mjomba alivua kofia taratibu.

“Mwandikie, mwanangu. Mwambie siku yenyewe ni leo.”