Kapasita Zilizovimba

Fundi alimulika tochi ndani ya kompyuta, akasema, "Dada, hebu njoo uone."

Karani alijikokota hadi mezani. Kwa miezi kadhaa kompyuta hiyo ilikuwa ikiganda na kujizima, na kila ilipowaka tena, kazi yake haikuwemo. Aliapa kwamba alikuwa ameihifadhi. Wenzake walimwonea huruma, maana walijua jinsi mama yake alivyoanza kusahau: kwanza sufuria jikoni, mwishowe majina ya wanawe. Naye akaanza kujishuku, na asubuhi hiyo alikuwa amemwambia mkuu wa ofisi kwamba anaacha kazi.

"Nimebadilisha memori, nimesafisha feni, bado inaganda," fundi alisema. "Sasa tazama hizi kapasita, zinazotuliza umeme. Juu zinatakiwa kuwa bapa."

Zilikuwa kama vipipa vidogo vilivyopangwa mstari. Tatu zilikuwa zimevimba na kupasuka, na ute wa kahawia umezikaukia vichwani.

"Zikipata moto, umeme unayumba. Diski inashindwa kuandika sawasawa. Hata ukihifadhi, kazi inapotea."

"Kwa hiyo nilikuwa nahifadhi?"

"Huna kosa, dada yangu."

"Sijauliza kosa. Nauliza kama nilikuwa nahifadhi."

"Ulikuwa unahifadhi."

Karani akaketi, akaufunika uso kwa viganja, akakaa hivyo mpaka fundi akakosa pa kutazama. Kisha akapanda ngazi taratibu, akijishikiza ukutani, akafungua mlango wa mkuu bila kubisha.

"Bosi," alisema akitweta, "siendi popote."