Bakuli la Tatu

Afisa wa makazi alimkuta Hanh katika kambi ya wakimbizi kando ya bandari akipakua wali kwenye mabakuli matatu. Meli ya mizigo ilikuwa imemwokoa baharini pamoja na binti yake. Mashua ya mumewe ilikuwa bado haijaonekana.

"Mama, serikali imewapatia nyumba milimani. Kesho mnahama." Akaona bakuli lisilo na mtu, akavuta kiti. "Kumbe na mimi mmenikumbuka!"

Afisa alipokuwa amekula kidogo, binti akasema taratibu, "Hilo ni la baba."

Afisa akaweka kijiko chini. "Nisamehe, mwanangu."

"Kula tu, bwana," alisema Hanh. "Ila huko milimani, meli zinaonekana?"

Afisa akasukuma bakuli mbele ya Hanh. Hanh akaongeza wali katika bakuli lile, akalisogeza dirishani, upande wa bandari. Mvuke ukafunika kioo, naye akakifuta kwa kiganja.